Mshale Ulisema Sitini

Kila asubuhi ya likizo ile ya Agosti, mwaka wa 1987, Selpha aliamshwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa debe la mama yake likitua kwenye sakafu ya saruji, maana yake ondoka kitandani uende mferejini kuteka maji. Ya pili, siku za safari, ilikuwa lori likikohoa barabarani. Hapo alijua kwamba Mzee Idd ameshaamka kabla ya mtaa mzima wa Kaloleni, hapo Kisumu, ameshaswali, na sasa anapasha injini moto ili ashuke ufuoni Dunga kupakia samaki.

Mferejini alimkuta Subira, mjukuu wa Mzee Idd. Wasichana hao wawili walikaa dawati moja darasa la sita, na mferejini pia walikuwa kama mtu mmoja. Aliyefika kwanza aliweka madebe mawili kwenye foleni, la kwake na la mwenzake. Wanawake wa mtaa walinung'unika siku za mwanzo, kisha wakazoea.

Mama yake Selpha aliitwa Perez Amolo. Alikuwa katibu wa kikundi cha akina mama wauza samaki wa Dunga, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Kikundi hicho kilikuwa na lori moja kuukuu la rangi ya kijani, lililoandikwa mbele NYAR DUNGA, yaani binti wa Dunga. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa liliondoka saa kumi na mbili asubuhi na samaki aina ya ngege na mbuta ndani ya barafu, likivuka tambarare ya Kano na kupanda milima hadi Kericho. Dereva alikuwa Mzee Idd, tangu siku ya kwanza.

Wanunuzi wa Kericho walianza kununua saa mbili kamili. Zamani Nyar Dunga ilifika robo saa mapema na akina mama wakauza mpaka mkia wa mwisho. Lakini tangu mwezi wa Juni lori lilikuwa linafika saa mbili na dakika kumi, wakati mwingine na kumi na tano. Wanunuzi walikuwa wameshajaza vikapu vyao kwa watu wengine. Mara mbili samaki walirudi Kisumu wakielea katika maji yaliyokuwa barafu.

Mwenyekiti wa kikundi, Mama Seline, alikuwa na jibu tayari. Alisema Mzee Idd anasimama njiani kubeba abiria. Mzee Idd alikana. Alisema penye tambarare haendeshi chini ya sitini wala juu ya sitini, kama walivyomwagiza. Ni kweli walimwagiza hivyo. Siku waliyonunua lori, Mama Seline mwenyewe aliandika kwenye karatasi MSHALE USIPITE 60 na kuibandika karibu na usukani, maana aliogopa mwendo wa kasi kuliko alivyoogopa mamba.

"Tubishane ya nini?" alisema Mama Perez kikaoni. "Tumpe shahidi. Selpha wangu yuko likizo. Atakaa mbele, atazame mshale wa mwendo, aandike kila mahali lori linaposimama."

Hivyo ndivyo Selpha alivyojikuta Jumatatu asubuhi ndani ya lori, daftari gotini na saa ya mkononi ya mama yake ikining'inia mkononi kama bangili. Shida ni kwamba Jumapili walikuwa wamekwenda kwa nyanya yake Kombewa na kurudi wamechoka. Mpaka Ahero aliandika vizuri: sitini, sitini, sitini. Baada ya Ahero jua lilimpiga usoni kupitia kioo, injini ikaimba wimbo wake mmoja, na Selpha akalala fofofo. Alipofumbua macho aliona mashamba ya majani chai pande zote mbili. Walifika sokoni saa mbili na dakika kumi na mbili.

Njiani kurudi alipiga hesabu. Mshale ulisema sitini. Kwa mwendo huo wangefika mapema, na muda ukabaki. Hesabu haikumpa njia nyingine: huyu mzee alisimama wakati nilipokuwa nimelala.

Alasiri akina mama walimzunguka pale ufuoni Dunga, mikono yao bado ina magamba ya samaki. Mama Seline alimwuliza kama lori lilisimama. Selpha aliona aibu kusema kwamba shahidi alilala.

"Lilisimama," alisema. "Karibu na Awasi. Kama dakika ishirini."

"Akabeba nani?"

Selpha hakuwa amejitayarisha kwa swali hilo. "Mama mmoja," alisema. "Na magunia."

Akina mama walishusha pumzi kwa pamoja. Mama Seline alipiga makofi mara moja, kama anayefunga kikao, kisha akatangaza kwamba Jumamosi Mzee Idd atarudisha funguo za lori, na kikundi kitafute dereva mwingine. Mzee Idd alikuwa amesimama kando ya gurudumu, akifuta mikono kwa kitambaa. Alimtazama Selpha bila hasira.

"Mimi sina la kusema," alisema. "Mtoto amesema."

Kesho yake mferejini kulikuwa na debe moja tu la Subira kwenye foleni. Selpha aliweka lake nyuma ya watu kumi na wawili. Subira alipojaza maji alipita karibu naye, akasimama, akaliweka debe chini.

"Huyo mama mwenye magunia," alisema, "alivaa nini?"

Selpha aliinama kulisogeza debe lake.

"Nakuuliza kwa sababu babu amejaribu usiku kucha kumkumbuka. Anasema labda ameanza kusahau. Anasema labda ni uzee." Subira alijitwika debe lake. "Ukimkumbuka, mwambie aje kuendesha lori yeye."

Maji ya Selpha yalimwagika nusu njiani. Alipofika nyumbani alimkuta mama yake akichambua mboga, akasema yote bila kupumua: kwamba alilala, kwamba hakumwona mama yeyote, kwamba magunia aliyatunga.

Mama Perez hakupandisha sauti. Aliendelea kuchambua mpaka jani la mwisho.

"Umelala. Watu hulala," alisema. "Kosa lako ni kwamba umeuficha usingizi wako chini ya jina la mtu mwingine. Sasa utafanya mambo mawili. Kesho lori linaondoka, utakwenda tena, na safari hii utakuwa macho. Na Subira ataketi karibu nawe. Kumwomba aje ni kazi yako, si yangu."

"Akikataa?"

"Ana haki ya kukataa. Nenda."

Subira hakukataa, ila alimpa Selpha masharti. Saa ya mkononi angeishika yeye. Na Selpha akisinzia, angefinywa. Selpha alisema sawa. Kisha akaingia nyumbani kwa akina Subira na kumwambia Mzee Idd ukweli akiwa ameinamisha kichwa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba basi kumbe kichwa chake bado ni kizima, na hiyo ni habari njema kuliko zote za wiki ile. Alimwambia pia kwamba maneno hayo aliyoyaleta chumbani itambidi ayapeleke ufuoni, mahali alipoyamwaga yale mengine.

Jumatano saa kumi na mbili waliondoka watatu. Mpaka Ahero Selpha alifinywa mara mbili bila sababu, kwa vile Subira alitaka tu kuhakikisha. Kando ya barabara kulikuwa na mawe meupe ya kilomita, na walipofika mahali palipo tambarare kabisa, Selpha alipata wazo.

"Sitini kwa saa ni kilomita moja kila dakika," alisema. "Si ndiyo? Basi mawe kumi ni dakika kumi. Anza kuhesabu tukipita lile."

Walihesabu. Mshale ulikaa kwenye sitini kama uliopigiliwa msumari. Mzee Idd hakugusa breki hata mara moja. Mbele yake hakukuwa na ng'ombe wala baiskeli. Walipopita jiwe la kumi Subira aliitazama saa, akaitikisa, akaiweka sikioni.

"Dakika kumi na tatu kasoro kidogo," alisema.

"Umekosea jiwe."

"Wewe ndiye wa mawe. Mimi ni wa saa."

Mzee Idd alicheka kidogo, akasema labda saa ya Mama Perez imechoka kama yeye. Lakini alikuwa ameacha kucheka walipoanza kupanda milima, kwa sababu Selpha alimwuliza swali ambalo hakuna aliyemwuliza kabla: je, tangu Juni lori linapandaje?

"Linapanda kama mbuzi," alisema Mzee Idd. "Zamani mlima huu ulinilazimisha kurudi gia ya pili na kutambaa. Sasa napanda na gia ya tatu, injini inaimba. Nilidhani ni kwa sababu fundi Wakhisi ameibembeleza vizuri. Tambarare ndiko nilikoona barabara imerefuka. Nikajiambia, Idd, hii si barabara, huu ni umri."

Walifika saa mbili na dakika kumi na moja. Hawakuwa wamesimama popote. Subira aliandika hayo kwenye daftari na kupigia mstari.

Jibu walilipata wakati samaki wakishushwa. Subira alikuwa ameegemea tairi la akiba, lile lililofungwa nyuma ya chumba cha dereva na ambalo halikuwahi kuguswa. Selpha alikuwa ameketi chini, kando ya tairi la nyuma. Alilitazama la chini, akalitazama la akiba, akainuka.

"Mzee, haya ni mapacha?"

Mzee Idd alikuja. Walishusha tairi la akiba, wakalisimamisha kando ya lile la nyuma. Lilikuwa refu kulipita kwa upana wa vidole vinne.

Mzee Idd alikaa kwenye ngazi ya lori na kueleza. Mwezi wa Juni difu ya nyuma ilivunjika. Difu, aliwaambia, ni lile boga la chuma katikati ya ekseli, ambalo ndani yake meno hupokea nguvu kutoka kwa shafti, chuma kirefu kinachozunguka chini ya lori, na kuyapa magurudumu. Wakhisi alipata difu nyingine kutoka kwa lori kuukuu la kubebea mchanga, akaifunga. Wiki hiyohiyo akina mama walinunua matairi manne ya nyuma. Muuzaji alisema yataingia, maana rimu ni ileile. Na yaliingia.

"Rimu ni ileile," alisema Mzee Idd polepole, akipapasa lile tairi kubwa. "Lakini kiatu ni kidogo."

Njiani kurudi walipima mawe kumi mengine. Kumi na tatu kasoro kidogo. Safari hii hakuna aliyeilaumu saa.

Jumamosi akina mama wote walikuwa Dunga. Funguo za lori zilikuwa juu ya meza ya kupimia samaki, mbele ya Mama Seline. Mama Perez alikuwa amemwita fundi Wakhisi pia, na fundi alikuja na ovaroli yake na baiskeli yake, akidhani ameitiwa kazi.

Kabla mtu hajafungua mdomo, Selpha alisimama.

"Jumatatu nililala," alisema. "Sikuona lori likisimama. Yule mama wa magunia hayuko. Nilimtunga mimi, kwa sababu niliona haya. Mzee Idd, nisamehe."

Kisha bibi mmoja wa nyuma akauliza basi ni nani anayechelewesha samaki wake, na kila mtu akaanza kusema kwa pamoja. Selpha aliomba waangalie jambo moja.

Yeye na Subira waliviringisha matairi mawili mpaka kwenye mchanga mgumu karibu na maji: la akiba, na moja la nyuma ambalo Mzee Idd alikuwa amelifungua asubuhi. Kila moja lilitiwa alama ya chaki. Waliyasimamisha kwenye mstari mmoja, alama zikigusa chini, wakaanza kuyasukuma taratibu, na akina mama wakahesabu kila alama iliporudi chini. Kufikia tano walikuwa wanaimba hesabu badala ya kuisema, na wengine wanatembea kando ya matairi wakipiga vigelegele kama wanaomsindikiza bibi harusi. Kwenye kumi matairi yalisimamishwa. La akiba lilikuwa mbele kwa hatua tatu nzima.

"Mizunguko sawa," alisema Selpha. "Safari si sawa."

Mama Seline alikwenda mwenyewe kuzipima zile hatua. Alizipima mara mbili. Kisha akamgeukia fundi na kumwuliza mbona mshale, ambao wao waliuamini kama saa ya kanisa, ulisema sitini.

Wakhisi alikuna kichwa. "Mshale hauioni barabara, mama," alisema. "Umefungwa kwenye giaboksi. Unahesabu shafti inavyozunguka, basi. Difu ya zamani, shafti ilizunguka mara tano na kidogo, gurudumu likazunguka mara moja. Hii ya lori la mchanga, shafti yazunguka zaidi ya mara sita ndipo gurudumu limalize moja. Ukaongeza na tairi dogo, mshale ukisema sitini, lori linakwenda arobaini na saba."

Aliona nyuso zimemtumbulia macho, akainua baiskeli yake na kuzungusha pedali. Aliwakumbusha wale vijana wapandao mlima na vikapu vya samaki, ambao hufunga gurudumu kubwa la meno huko nyuma. Mguu unakuwa mwepesi mlimani. Lakini wakifika tambarare wanakanyaga, wanakanyaga, na mtu wa meno madogo anawapita akipunga mkono. Lori lao, alisema, limefungiwa meno ya mlimani na viatu vya mtoto. Linapanda kwa furaha na kukimbia kwa shida.

"Na wewe ulijua?" aliuliza Mama Perez.

"Nilijua ya difu. Nilidhani na nyinyi mnajua."

"Sisi tunajua samaki, Wakhisi. Wewe ungetuambia."

Wakhisi alikubali kwamba ilimpasa awaambie. Mama Seline alikuwa bado amesimama mahali tairi lilipoishia. Aliitazama ile meza, akaenda, akachukua funguo na kumpelekea Mzee Idd kwa mikono miwili.

"Ulishika neno langu la sitini," alisema, "nami nikakuita mwongo kwa sababu ulilishika. Nisamehe, Mzee."

"Nimeshasamehe," alisema Mzee Idd. "Mimi nilikuwa nimeanza kutafuta mkongojo."

Walicheka mpaka wavuvi waliokuwa wakishona nyavu wakageuka kutazama.

Wiki iliyofuata kikundi kilibadilisha matairi yale manne kwa mengine yanayolingana na la akiba. Difu waliiacha, maana Mzee Idd alisema mlima wa Kericho amekwisha kufanya urafiki nao. Ilibaki kujua mshale sasa unaongopa kiasi gani, na kwa kazi hiyo Mama Seline alisafiri mwenyewe. Alijaza nusu ya kiti, wasichana wakabanwa kwenye nusu iliyobaki. Kwenye mawe ya Kano, Mzee Idd alifika sitini na kutulia.

"Pita," alisema Mama Seline.

"Karatasi inasema nisipite."

"Karatasi niliiandika mimi. Pita."

Alipita, Mama Seline akishika mlango kwa mikono yote miwili. Mshale ulipofika sabini, Subira alianza kuhesabu. Mawe kumi, dakika kumi. Mama Seline alibandua karatasi yake. Mama Perez alikuwa amewapa kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, na Selpha alitia nukta moja ndogo juu ya kioo kinachofunika mshale, pale ulipokuwa umetulia. Kuanzia siku ile, nukta hiyo ndiyo iliyokuwa sitini ya Nyar Dunga.

Walifika Kericho saa mbili kasoro dakika kumi. Wanunuzi walikuwa bado wanapiga miayo. Ilipofika saa tatu lori lilikuwa na barafu tu, na Mama Seline alikuwa amepoteza sauti kwa kuuza.

Jioni ile Selpha alimsimulia mama yake habari yote, pamoja na jinsi Mama Seline alivyofumba macho kwenye kona. Mama Perez alicheka, jambo ambalo halikutokea kila siku. Kisha akamketisha karibu naye.

"Sikiliza, nyathina, mwanangu," alisema. "Mshale ulidanganya watu miezi miwili, na hakuna anayeukasirikia. Unajua kwa nini? Hauna macho. Ulisema kile tu ulichoweza kuhesabu. Wewe una macho, ukayafumba, kisha ukasema uliona. Mshale una udhuru. Wewe huna."

"Ndiyo, mama."

"Lakini mshale haukurudi kujisahihisha. Wewe ulirudi, ukapima, ukasema mbele ya watu. Shika hilo. Usichokiona, sema sikukiona. Usichokijua, kipime kwanza. Mtu asipoteze kazi yake kwa sababu wewe umeona haya kusema ulilala." Alisimama na kuchukua sufuria. "Sasa lala mapema. Debe halijibebi."

Asubuhi ya safari iliyofuata Selpha alichelewa kidogo hata hivyo. Alipofika mferejini foleni ilikuwa imefika kwenye ukuta. Mbele kabisa, karibu na bomba, kulikuwa na madebe mawili, na Subira alikuwa ameketi juu ya moja, akiwaambia wanawake wa mtaa kwamba mwenye lile la pili yuko njiani. Barabarani Nyar Dunga ilikohoa mara mbili, ikanguruma, ikashuka kuelekea ziwani.